Sura ya Sita: Pale Shahidi Pekee ni Muuaji

Jioni ya tarehe 17 Januari 1961 ndege ilitua katika uwanja wa Luano, nje kidogo ya mji wa Elisabethville, ikiwa na mahabusu watatu waliofungwa kamba na kupigwa njia nzima. Walikuwa Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyepinduliwa wa Kongo. Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wake wa vijana na michezo. Na Joseph Okito, mmoja wa makamu wa rais wa Seneti. Usiku huohuo walipelekwa porini, wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine mbele ya viongozi wa jimbo lililojitenga la Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Baadaye polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, na mwenzake waliifukua miili, wakaikatakata na kuiyeyusha kwa asidi. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga ikatangaza kwamba wafungwa hao walitoroka, wakauawa na wanakijiji. Kaburi halikuoneshwa, maana halikuwapo.

Katika mji huohuo, mwaka 1947, alikuwa amezaliwa Tshibumba Kanda Matulu. Lumumba alipouawa, Tshibumba alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi. Alikuja kuwa mchoraji, akachora kifo hicho tena na tena, pamoja na vifo vingine vingi vya nchi yake. Hakuviona. Waliokiona kifo cha Lumumba kwa macho walikuwa wale waliokitenda, nao walikuwa wamefunga midomo.

Msanii aliyepewa mzigo wa namna hiyo ana njia mbili nyepesi. Anaweza kukiacha kifo kisichoonekana, akachora huzuni ya waliobaki. Au anaweza kubuni, akajifanya alikuwapo. Tshibumba hakupita njia yoyote kati ya hizo. Alijiita mwanahistoria, na jina hilo alilichukulia kwa uzito kuliko hata jina la msanii. Sura hii inafuata kazi aliyoifanya kwa rangi na brashi ili kustahili jina hilo.

Picha za sebuleni

Kwanza tuuone mji wenyewe. Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, ulijengwa na shaba. Kampuni ya Union Minière ilileta vibarua kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka upande wa pili wa mpaka uliokuwa Rhodesia ya Kaskazini. Watu hawa wa makabila mbalimbali walielewana kwa Kiswahili. Ni Kiswahili chenye sura yake, kilichopoteza baadhi ya ngeli na kuokota maneno ya Kifaransa na ya lugha za jirani, lakini msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akikisikiliza kwa subira hapotei. Kilikuwa lugha ya kambi ya wachimbaji, ya soko na ya baa. Mwaka 1965 watumishi wa zamani wa majumbani walikitumia kuandika historia ya mji wao, iliyokusanywa na André Yav. Kwa hiyo Tshibumba alipoanza kusimulia historia kwa Kiswahili alikuwa na waliomtangulia.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyumba za wafanyakazi na makarani wadogo wa mji huo zilianza kupambwa kwa picha za rangi. Wachoraji walikuwa vijana waliojifunza wenyewe au kwa kumtazama mwenzao. Wengi walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, wakakibana kwenye fremu ya mbao, kisha wakabeba kazi zao mkononi, nyumba kwa nyumba, kutafuta mnunuzi. Mada zilijulikana: mamba muntu, yule nguva mwenye nywele ndefu anayempa mtu utajiri na kumdai malipo ya kutisha, kijiji cha zamani kando ya mto, mwindaji na chui, na Lumumba. Picha za mambo yaliyopita wenyewe waliziita ukumbusho.

Iliyowashangaza wageni wengi ni ile iliyojulikana kwa Kifaransa kama Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji. Tshibumba aliichora mara nyingi, na wachoraji wenzake vilevile. Tuko katika ua wa gereza. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Mfungwa amelazwa kifudifudi, suruali imeshushwa, na askari mweusi ameinua kiboko. Pembeni amesimama ofisa wa kizungu. Yuko shwari, pengine ana kiko mdomoni. Kuna wafungwa wengine waliobeba mizigo, na mara nyingi kuna wanawake waliokuja na chakula wakasimama mbali kidogo.

Kwa nini mtu aliyechoka na kazi ya siku nzima anunue picha ya mtu akichapwa, aitundike juu ya kochi lake? Jibu linapatikana ukiangalia jinsi picha ile ilivyotumika. Mgeni akiketi, macho yake hukutana nayo. Mtoto akikua, siku moja atauliza yule ni nani na kakosa nini. Hapo baba au mjomba huanza kusimulia. Picha haikukusudiwa kusema yote. Kazi yake ilikuwa kufungua mdomo wa mwenye nyumba, na ndiyo maana haikuwa na haja ya kuwa ya aina yake peke yake duniani. Mchoraji alimuuzia mteja Colonie belge kama fundi seremala anavyomuuzia kabati: kila moja limetengenezwa kwa mkono, yote yanafanana, na kila nyumba inaweka ndani yake vitu vyake.

Anayepiga na anayeamuru

Tukiitazama Colonie belge kwa makini tunaona kwamba mchoraji amefikiri juu ya ukatili kuliko anavyotaka kujionesha. Anayepigwa ni mweusi na anayepiga ni mweusi. Mzungu hagusi kitu, lakini ukiuondoa mwili wake kwenye picha, picha inavunjika, kwa sababu yeye ndiye sababu ya mkono ule kuinuka. Tshibumba alipenda mistari iliyonyooka, rangi bapa zilizo wazi, watu waliosimama mbalimbali kila mmoja mahali pake. Wapo waliodhani ni udhaifu wa mtu asiyesoma chuo cha sanaa. Lakini mpangilio ule unaonesha vizuri kitu ambacho picha ya msukosuko ingekificha: amri inavyosafiri kutoka kwa mtu mmoja hadi mwili wa mwingine.

Somo hilohilo lipo katika picha zake za mgomo wa 1941. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kongo ilikamuliwa shaba kwa ajili ya majeshi ya washirika, huku bei za vitu zikipanda na mishahara ya wafanyakazi weusi ikibaki chini. Desemba 1941 wachimbaji wa Union Minière waligoma. Mjini Elisabethville walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, wakagoma kuondoka. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika na askari. Kiongozi wa wagomaji, Léonard Mpoyo, aliuawa palepale, kisha bunduki zikageuzwa kwa umati. Makumi ya watu walikufa. Hesabu kamili inabishaniwa mpaka leo. Serikali ya kikoloni haikujenga mnara, na magazeti ya wakati wa vita hayakuwa na nafasi ya maiti kama hizo.

Tshibumba alizaliwa miaka sita baada ya tukio hilo. Aliyoyajua aliyapata kwa wazee waliokuwapo, au waliosimuliwa na waliokuwapo. Alipouweka uwanja ule kwenye kitambaa, aliiingiza katika orodha ya matukio ya taifa habari iliyokuwa ikiishi midomoni mwa watu wa mji mmoja. Kwa watoto wa wachimbaji, Mpoyo hakuwa tena marehemu wa familia fulani. Alipata nafasi katika mstari mmoja na wafalme na mawaziri wakuu.

Misalaba mitatu

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alibisha hodi kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Alikuja kuuza picha, kama alivyokuwa akifanya kwingine. Katika mazungumzo alimweleza kwamba shauku yake hasa ilikuwa kuichora historia yote ya nchi, ambayo kwa miaka miwili iliyopita ilikuwa ikiitwa Zaire. Wateja wa kawaida walikuwa na nafasi ya picha moja au mbili ukutani, wala hawakuwa na fedha za kugharimia ndoto hiyo. Fabian alikubali kuinunua. Tshibumba akaanza kuleta picha kwa mafungu, na mbele ya kinasa sauti akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Kufikia mwisho wa 1974 zilikuwa zimevuka mia moja.

Mfululizo huo unaanzia enzi za mababu. Unampitisha Diogo Cão, baharia Mreno aliyefika mlango wa mto Kongo katika karne ya 15. Unampitisha Simon Kimbangu, mhubiri aliyehukumiwa na Wabelgiji mwaka 1921, aliyekaa gerezani Elisabethville miaka thelathini mpaka alipofia humo mwaka 1951. Unafika uhuru wa 1960, kisha unaingia katika damu.

Hapa ndipo Lumumba anapochukua nafasi kubwa kuliko mtu mwingine yeyote. Tunamwona mbele ya umati na tunamwona gerezani. Katika picha ya kifo chake, miili mitatu imelala chini, na nyuma yake, mlimani, imesimama misalaba mitatu. Ubavu wa Lumumba unatoka damu, na damu ile ikitiririka ardhini inaandika neno moja la Kifaransa: umoja. Mtu aliyelelewa katika nchi ya wamisionari hahitaji kuelezwa Golgotha, na Tshibumba mwenyewe hakuuficha mlinganisho huo alipoulizwa. Aliona maisha ya Lumumba yamefuata njia ya maisha ya Yesu, akaamua kuyachora hivyo.

Ni rahisi kuusoma uamuzi huo kama sifa kwa shujaa. Lakini tukumbuke jina la mchoraji. Tshibumba ni jina la Waluba wa Kasai, na Waluba wa Kasai walikuwa na deni la kumdai Lumumba. Agosti 1960, Kasai Kusini ilipojitenga chini ya Albert Kalonji, jeshi la serikali ya Lumumba liliingia Bakwanga na kuua raia wengi. Waluba waliokuwa Katanga nao hawakuwa salama kwa upande wa pili: Katanga ya Moïse Tshombe, iliyojitenga Julai 1960 kwa fedha za Union Minière na msaada wa Ubelgiji, iliwahesabu kuwa maadui. Mwaka 1961 makumi ya maelfu yao walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembeni mwa Elisabethville, wakaishi humo kwa hofu na njaa. Mchoraji wa kabila hilo angeweza kumchora Lumumba kwa kinyongo na hakuna ambaye angemshangaa. Yeye alichagua neno umoja, akaliandika kwa damu ya mtu ambaye jeshi lake liliwaua watu wa asili yake. Ilikuwa hoja ya kisiasa: kwamba kilichopotea usiku ule kilikuwa kikubwa kuliko madai ya kabila lolote, likiwamo lake.

Kulikuwa pia na hatari iliyo karibu zaidi. Mwaka 1966 Rais Mobutu, ambaye alishiriki kumwangusha Lumumba na kumpeleka kwa wauaji wake, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Tangu hapo kumchora Lumumba hakukuwa kosa, mradi mchoraji asiulize nani alimtoa. Tshibumba aliishi ndani ya mipaka hiyo. Katika maelezo yake kwa Fabian kuna mahali anapopunguza sauti, mahali anapozunguka, mahali anapokisifu chama kimoja kama kila raia alivyotakiwa kukisifu. Msomaji wa leo aliyewahi kuishi chini ya chama kimoja atayatambua mapigo hayo ya moyo bila kuelekezwa.

Alilosikia na analowaza

Tulinganishe kidogo na Käthe Kollwitz, mchoraji Mjerumani ambaye jina lake hutajwa kwanza sanaa na msiba vinapozungumzwa Ulaya. Mwanawe Peter aliuawa vitani nchini Ubelgiji Oktoba 1914. Kollwitz alijibu kwa michoro ya mama wanaokumbatia watoto na wazazi waliopiga magoti. Katika seti yake ya picha saba za chapa kuhusu vita, karibu haonekani adui wala uwanja wa mapigano. Mwaka 1932 sanamu zake za baba na mama wanaoomboleza ziliwekwa kwenye makaburi alikozikwa Peter. Alikuwa na mahali pa kuziweka. Alijua mwanawe kafa lini, wapi na katika vita gani. Kilichobaki kwake kilikuwa uchungu, akautafutia umbo.

Tshibumba alikosa hata hayo. Kabla ya kuomboleza ilimbidi athibitishe kwamba mtu ameuawa, na aseme aliuawa na nani. Ndiyo maana picha zake zimejaa sare, bendera, ndege, majengo, tarehe na maandishi. Kwenye kitambaa aliandika Kifaransa, lugha ya serikali na ya nyaraka, mara nyingi kwa tahajia yake mwenyewe. Kwa mdomo alieleza kwa Kiswahili. Picha moja ikawa na sauti mbili, moja ikizungumza na dola na nyingine na jirani.

Je, alikosea? Ndiyo, mara nyingi. Tarehe zake wakati mwingine hazilingani na za maktaba, na matukio mawili yanaweza kukutana mahali pamoja. Fabian alipomsukuma kwa maswali, Tshibumba alitofautisha bila aibu: hili nimelisoma, hili nimesimuliwa, hili ni wazo langu. Kwake wazo halikuwa upungufu wa ushahidi. Mwanahistoria, kama alivyoielewa kazi hiyo, ana wajibu wa kufikiri mahali habari zinapokoma, na wa kumwambia msikilizaji kwamba hapa sasa anafikiri. Misalaba ile mitatu haidai kwamba ilikuwapo porini. Inamtaka mtazamaji aamue kama kifo kile kinastahili kusimamishwa karibu na kile kingine.

Tupime sasa nani alikuwa karibu na ukweli. Mwaka 1961 taarifa rasmi ilisema wanakijiji ndio waliomuua Lumumba. Mitaani Elisabethville watu walinong'ona kwamba aliuawa kwa amri za wakubwa, na lisemwalo lipo. Tshibumba aliuchora mnong'ono huo miaka kumi na miwili baadaye. Ilichukua robo karne nyingine kabla ya mwandishi Mbelgiji Ludo De Witte kuchapisha, mwaka 1999, kitabu kilichoonesha sehemu ya serikali ya Ubelgiji katika mauaji hayo. Tume ya bunge la Ubelgiji ilitoa ripoti mwaka 2001 ikikiri dhamana ya kimaadili, na mwaka uliofuata serikali ikaomba radhi. Tarehe 20 Juni 2022, mjini Brussels, familia ilikabidhiwa jino moja ambalo Soete alikuwa amelitunza kama kumbukumbu ya kazi yake. Siku kumi baadaye lilizikwa Kinshasa. Kwa miongo kadhaa kabla ya hapo, picha za magunia ya unga zilifanya kazi ambayo jeneza lile dogo lilikuja kuifanya kwa siku moja: ziliwapa watu mahali pa kukaa na maiti yao.

Mali ya nani?

Mfululizo wa Tshibumba hauishii alipoishi yeye. Picha za mwisho zinavuka kwenda wakati ujao, na ujao wenyewe hauna furaha. Alikuwa na sababu. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuzikabidhi biashara za wageni kwa raia, na wengi waliozipokea walikuwa watu wake. Muda si mrefu bei ya shaba duniani ikaanguka. Karani aliyekuwa akinunua ukumbusho wa sebuleni sasa alitafuta unga. Vita viwili vya Shaba, mwaka 1977 na 1978, vikafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zikakatika. Fabian alirudi Lubumbashi katika miaka ya 1980 bila kumpata. Mtu aliyewatafutia wengine mahali pa kukumbukwa ametoweka, na hajulikani alipolala.

Kazi yake imebaki mbali na watu wa Lubumbashi. Picha alizomuuzia Fabian zilichapishwa katika kitabu mwaka 1996 na leo ziko katika jumba la makumbusho la Tropen jijini Amsterdam, ambalo sasa linaitwa Wereldmuseum. Zimetunzwa vizuri, bila shaka vizuri kuliko zile zilizobaki kwenye kuta za nyumba za kambi, zilizofifia kwa jua na moshi. Hata hivyo zimepoteza kitu. Picha iliyotengenezwa ili baba amsimulie mwana, sasa inaelezwa na kibao kidogo ukutani kwa lugha za Ulaya. Isitoshe, mfululizo wenyewe usingekuwapo bila mnunuzi mgeni, na Tshibumba alijua anazungumza na nani. Hatuwezi kumlaumu kwa hilo, wala hatuwezi kuisoma kazi yake kana kwamba kinasa sauti hakikuwapo chumbani.

Lakini kinasa sauti hicho kilituachia urithi ambao wachoraji wachache sana duniani wameuacha: saa nyingi za msanii akieleza kazi yake, picha kwa picha, akibishana na muulizaji, akisahihisha, akikataa. Fabian alizinakili kanda hizo na kuziweka wazi kwa Kiswahili chake halisi, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu wa kawaida. Watafiti wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakizinukuu kwa miaka mingi, huku katika nchi zinazosoma Kiswahili jina la Tshibumba likibaki geni hata kwa wanafunzi wa sanaa.

Hilo ni jambo la kurekebishwa, na halihitaji safari ya Amsterdam. Walimu wa historia wa Kigoma, Bujumbura au Nairobi wanaweza kuisoma sauti ile darasani kesho, wakaitazama picha ya uwanja wa mpira wa 1941, wakawauliza wanafunzi wao maswali aliyozoea kujibu Tshibumba: hili amelisoma, amesimuliwa, au analiwaza? Na je, wewe unakubaliana naye? Alichora ili abishiwe. Wanaoweza kumbishia bila mkalimani ni sisi, na bado hatujaanza.